Fundi Aliyekataa Kutuuzia Baridi

Mtu akikuambia kwamba Nyeri kuna fundi wa mitambo ya kupoza nyumba, utacheka kwanza. Nyeri! Mahali ambapo mtu huvaa sweta mbili kwenda kununua maziwa. Mimi nauza yunifomu za shule mjini, na nusu ya riziki yangu ni hizo sweta, kwa hivyo nikisema baridi najua ninachosema. Lakini fundi huyo alikuwako, na alikuwa na kazi nyingi, na mwenyewe alivaa sweta mbili kuanzia Januari hadi Desemba.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angenijibu, "Kwani unataka kunioa?" Mafundi wengine waliitwa kwa majina yao, au kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Fundi basi, na ukisema Fundi kwenye kibanda cha chai karibu na duka langu, kila mtu alijua ni nani.

Alitengeneza friji za mabucha na matangi ya kupozea maziwa, Karatina mpaka Othaya, akizunguka na pikipiki iliyokohoa kuliko yeye. Ajabu ni kwamba hakula kitu chochote kilichotoka kwenye friji. Ukimpa soda baridi aliiweka juani kwanza. "Mimi najua hiyo friji ndani iko aje," alisema, hata mwenye hoteli akisikia, Fundi hakujali. Mwenye bucha mmoja alimfukuza kwa kuwaambia wateja ukweli kuhusu nyama ya Jumatatu. Baada ya wiki mbili alimwita tena, maana mwingine aliyejua kazi hakuwako.

Chai ndiyo aliyoiheshimu. Aliinywa ya moto, polepole, bila kuongea, na hakuacha hata tone. Siku moja moto ulitokea kwenye kibanda, mafuta yameshika moto, watu wakakimbilia nje wakipiga kelele. Fundi alitoka mwisho, kikombe mkononi, akaimalizia barabarani. Tulimcheka mwezi mzima. Alituambia, "Hiyo chai nimelipa."

Alikuwa mbahili, nisimpambe. Hakununua kiberiti kipya mpaka cha zamani kiishe kabisa, na kwake kiberiti ni kifaa cha kazi. Akiingia kwenye chumba chako hakuangalia viti wala picha za ukutani. Aliwasha njiti, akaipuliza, akaiinua juu ya dirisha kwenye matundu ya hewa, halafu akautazama ule moshi mdogo. Moshi ukielekea kwenye tundu, alisema, "Inapita." Usipoelekea, alikuangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyelala darasani.

Nilimjua miaka mingi kwa salamu na chai tu. Kilichonifanya nimtafute ni mama yangu.

Mama anaishi karibu na Gakindu, kwenye kilima chetu cha kahawa, katika nyumba ya mawe tuliyomjengea mimi na kaka yangu. Kaka yuko Amerika. Nyumba ni nzuri kwa macho, lakini tulipofika kwenye paa pesa zilikuwa zimetuishia, tukaweka mabati na dari tukaiacha ya kesho. Kesho haikufika. Mwezi wa pili jua likiwaka, chumba cha mama kilikuwa chungu kilichofunikwa. Ana presha, na pumzi yake si nzuri. Mwaka ule alizirai mara mbili ndani ya wiki moja, mara ya pili akiwa ameketi kitandani anachambua maharagwe. Daktari aliniambia waziwazi: mzee huyu asikae kwenye joto namna hiyo, moyo hautastahimili. Niliogopa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekazana kama mtu anayekwenda kugombana.

Kaka alinitumia video ya nyumba yake. Ati baridi inatoka kwenye vitundu darini, kila chumba, mtu haoni mashine. Akasema, "Mwekee mama kama hii. Pesa nitatuma." Nikampeleka Fundi Gakindu, nikamwonyesha video ile kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho, halafu akaanza upya, anatabasamu.

"Hii ni mabomba ya bati," alisema. "Makubwa hivi, yanapita juu ya dari. Dari yenu iko wapi?"

"Hakuna."

"Basi mabomba yatapita wapi? Kwa kahawa?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikasirika. Nilimwambia mimi si mjinga, najua kuna njia nyingine, anitajie na bei zake. Akakaa kwenye kigoda na kunieleza. Iko ile ya vipande viwili, kichwa ukutani ndani, mwili nje, hiyo haitaki mabomba ya darini. Andaa karibu laki moja na kuifunga, na stima utailisha kila siku kama ng'ombe wa maziwa. Iko ya magurudumu yenye mkono wa kutoa joto dirishani, bei yake ni nusu ya hiyo, na kelele yake ni mara mbili. Iko ya maji, inafaa kule chini kwenye hewa kavu, hapa italowesha blanketi tu. Iko feni, elfu chache. "Na iko ya bure," alisema.

"Gani?"

Aliwasha njiti yake. Moshi ulipanda wima, ukasambaa, ukakaa hapo hapo. Fundi akaomba ngazi.

Sasa, kama hukuzaliwa huku kwetu, nikueleze. Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Mjenzi huyaweka, na Julai ya kwanza ukungu ukishuka mlimani, mwenye nyumba huyaziba. Gunia, gazeti, kandambili, chochote. Ukiingia nyumba kumi, tisa zimezibwa, na hakuna anayezibua Februari, maana Julai itarudi. Halafu tunalia joto.

Fundi alianza kuvuta. Magunia mawili. Magazeti yaliyogeuka unga. Sketi yangu ya shule ya msingi, haki ya Mungu. Kwenye tundu la mwisho, juu ya kitanda cha mama, alivuta kitu kizito, akavuta tena, na mkono wa koti ukaning'inia ukutani kama kuna mtu ndani.

Nilipiga ukelele. Lilikuwa koti la baba. Lile la kijivu alilovaa alfajiri akipeleka kahawa kiwandani, na kifungo cha tatu nilikishona mimi mwenyewe, kwa uzi usiofanana, nilipokuwa najifunza cherehani. Tangu tulipomzika tulilitafuta. Mama alituambia liliibwa kwenye kamba.

Nikamgeukia mama. "Maitu! Ulisema liliibwa!"

Mama alikuwa anaangalia sakafu. "Sikuweza kulitupa," alisema. "Na sikuweza kuliona."

Fundi alishuka ngazi, akalikung'uta koti nje, akalikunja, akamwekea mama mapajani kwa mikono miwili. "Mama, koti ni ya mtu," alimwambia. "Si ya ukuta."

Alifungua matundu yote, akaweka waya wa kuzuia mbu, akang'oa misumari kwenye dirisha la nyuma ambalo halikuwa limefunguliwa tangu harusi yangu. Moshi wa njiti yake ukainama, ukatoka. "Inapita." Akasema tukipata pesa tuweke dari, na hiyo mashine ya laki tuisahau. Nilishangaa, mdomo wazi. Mtu anauza baridi, mteja amekuja na pesa, na yeye anamfukuza!

Akiondoka aliona jiko la makaa uvunguni mwa kitanda. Akamuuliza mama analitumia lini. Julai, mama akasema, kama kila mtu. Hapo ndipo nilipomwona Fundi bila mzaha mara ya kwanza.

"Unaliwasha hapa ndani?"

"Baridi ikizidi, nasema leo tu. Si kila siku."

"Kila mtu husema leo tu," alimwambia. "Sikia mama. Baridi inakuamsha. Jiko haikuamshi. Hewa yake haina harufu, inakubembeleza tu kama mtoto. Kama lazima, hayo matundu yawe wazi."

Nilimlipa pesa ya nauli na chai ya siku hiyo. Hakutaka zaidi.

Joto lilipungua, sitasema uongo. Mama hakuzirai tena. Lakini kaka aliposikia, alivimba. "Nataka kumnunulia mama mashine, wewe unaniletea matundu? Huyo mzee ni mjinga au ni mlevi?" Akanipigia kila jioni. Na mimi, nitasema wazi, nilitaka ile mashine. Nilitaka majirani waione. Mwezi wa tatu nikamtafuta fundi mwingine, kijana nadhifu kutoka mjini, mwenye buti safi. Akafunga mashine ya vipande viwili kwa nusu siku. Halafu akatazama juu ya madirisha na kusema, "Haya yote yazibwe, la sivyo mnapoza Gakindu nzima." Akayaziba kwa simenti. Mianya ya madirisha akaipulizia povu linaloganda likawa gumu kama mbao.

Ngazi niliishika mimi. Nalisema hili kila mara ninaposimulia, ili mtu asidhani nilikuwa sipo.

Chumba kilipoa kweli. Majirani walikuja, mama akawa anawakaribisha kama anaonyesha mjukuu. Mimi nikawa namkwepa Fundi mjini. Nikimwona kibandani naagiza chai yangu iletwe dukani.

Ikafika Julai. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, ukungu mpaka mlangoni, nikaona aibu za kitoto zimezidi. Nikaenda kukaa naye meza moja. Chai yake ilikuwa ndiyo kwanza imeletwa.

"Mama yako yuko aje?" aliniuliza.

Sijui shetani gani alinipanda. Nikamwambia, na kwa maringo, kwamba tuliweka mashine, kwamba kaka alituma pesa, kwamba chumba ni baridi kama hoteli ya watalii. Nilingoja anune. Hakununa.

"Matundu mmefanya nini?"

"Tumeziba. Simenti. Si ndiyo kazi ya mashine kuleta hewa?"

"Hiyo mashine hailetangi hewa mpya. Inazungusha ile ile ya ndani." Akaweka kikombe chini. "Na jiko?"

Nikacheka. "Kwa baridi hii? Si analo chumbani. Jana nimelala kwake, asubuhi nimemwacha anachagua makaa."

"Piga simu."

Nilipiga. Haikushikwa. Nikamwambia mama hulala baada ya uji, hiyo ni kawaida yake. Nilipoinua kichwa Fundi hakuwako. Nilisikia pikipiki ikikohoa nje, na chai yake ilikuwa mezani, imejaa, inafuka mvuke. Mwenye kibanda aliitazama, akanitazama mimi. "Umemfanya nini huyu mzee?" aliniuliza.

Nilidhani amekasirika kwa sababu kazi ilipewa mwingine. Kwa kweli nilidhani hivyo! Nilirudi dukani, nikahudumia wateja wawili, nikapima suruali ya mtoto, na simu ya mama bado haishikwi, na ile chai haikunitoka kichwani. Mtu aliyetoka na kikombe kwenye moto. Nikafunga duka, nikakodi teksi, na njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, kwamba aache kuingilia nyumba za watu.

Nilipofika langoni niliona dirisha la chumba cha mama limevunjwa, vioo vimetapakaa. Mama alikuwa amelazwa kwenye nyasi kwa ubavu, mdomo wazi, uso mwekundu kwa namna isiyo ya kawaida. Fundi alikuwa amepiga magoti juu yake na spana mkononi, amebaki na shati, na damu inamtiririka kwenye mkono.

Ngai, Mungu wangu. Nilimrukia. Nilimpiga kwa mkoba, kichwani, mgongoni, nikipiga nduru, "Umemfanya nini mama yangu! Muuaji!" Hakujikinga. Alisema tu, "Pigana baadaye. Mshike kichwa." Nikaona sweta zake mbili, zote mbili, zimemfunika mama. Nikaona mlangoni jiko limetupwa, makaa yametapakaa kwenye saruji, bado mekundu. Nikautupa mkoba, nikamshika mama kichwa.

Jirani alileta pikapu. Hospitalini Othaya walimwekea mama oksijeni, na muuguzi akaniuliza alitolewa ndani saa ngapi. Fundi alipomjibu, akatingisha kichwa. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, akarudi kwa mama. Niliketi kwenye benchi, na Fundi kando yangu akitetemeka na shati lake, anafungwa bandeji. Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nikiona tu mikono yangu kwenye ile ngazi.

Mama alifungua macho jioni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ilikuwa leo tu."

Fundi alicheka. Ndiyo siku pekee niliyomwona analia pia, kwa pamoja, bila kujificha. Akaenda zake bila kuaga.

Jumatatu alirudi Gakindu na patasi na nyundo, akaibomoa ile simenti tundu baada ya tundu, hakutaka msaada, hakutaka malipo. Mama aliporuhusiwa kutoka, aliniita. Akanipa koti la baba, limefuliwa, akaniamuru nishone viraka viwikoni. "Mpelekee mwenye sweta," alisema. Nilimpelekea. Alilipima, likamkaa kama aliyeshonewa, na tangu siku ile alilivaa hata Februari, juu ya zile sweta mbili. Kaka nilimweleza yote kwa simu. Mwezi uliofuata alituma pesa ya dari.

Hayo yana miaka mitatu. Baadaye Fundi alipata kiharusi kidogo, mguu mmoja ukawa mzito, pikipiki akaiuza. Kibandani hakuonekana tena. Nilisikia anaishi chumba cha kukodi nyuma ya soko, na kila wiki nilisema nitakwenda. Kazi, wateja, unajua mambo. Nilikwenda Julai iliyopita, mchana, nimebeba nduma za kuchemsha na chai kwenye themosi.

Nilibisha, akanikaribisha kwa sauti ya usingizi. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Joto tamu, la kubembeleza. Alikuwa kitandani, kofia kichwani, blanketi hadi kidevuni, na kando ya kitanda jiko, makaa mekundu. Nikatazama juu ya dirisha.

Matundu mawili. La kwanza limejazwa gunia. Kwenye la pili, kitambaa cha kijivu, na kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi usiofanana.

Waswahili husema mganga hajigangi, na mimi nilidhani ni msemo tu. Nilisimama pale na themosi mkononi. Huyu! Mtu aliyezibua nyumba za wilaya nzima! Aliyevunja dirisha la mama yangu kwa mkono wake! Kama ni mwingine ningesema hajui.

"Funga mlango," aliniambia. "Baridi inaingia."

Sikufunga. Niliubamiza ukutani ukawa wazi kabisa. Nilikamata jiko kwa leso yangu, nikalitoa mpaka barazani, leso ikaungua. Nikapanda kitanda chake na viatu vyangu, nikalivuta lile gunia nikalitupa nje, nikalishika koti kwa mikono miwili nikavuta. Hewa ikaingia ya barafu. Yeye alilalamika wakati wote, ati nina fujo, ati namuua na baridi, ati nimerithi hasira ya mama yangu.

"Unajua!" nilimpigia kelele. "Wewe unajua kuliko watu wote!"

Aligeuza uso ukutani, na mara akawa mzee kuliko mama.

"Ilikuwa leo tu," alisema.

Nilikaa kando yake nikalia, sikuona haya. Halafu nikamwinua, nikaukunja ule mguu mzito, nikamvisha koti mkono mmoja, kisha wa pili, nikafunga vifungo vyote mpaka kile changu. Lilikuwa na vumbi la ukuta. Nikampa chai.

Aliinywa ya moto, polepole, bila kuongea. Ilipoisha alipapasa mfukoni mwa koti akatoa kiberiti, lakini vidole havikuweza, akanipa mimi. Niliwasha njiti, nikaipuliza, nikaiinua juu ya dirisha. Tuliutazama moshi wote wawili.

"Inapita," nilimwambia.

"Nimeona," alisema, akaninyooshea kikombe nimwongezee.